Karani wa sufu na swali la Bonde la Ufa

John Walter Gregory hakuanza maisha na nyundo ya kupasulia miamba. Alizaliwa London mwaka 1864, mtoto wa mfanyabiashara wa sufu, na alipofikisha miaka 15 akawa karani kwenye biashara hiyohiyo. Jioni alisoma katika chuo cha Birkbeck. Mwaka 1887 alipata kazi kwenye jumba la makumbusho la London, akiainisha visukuku, na shahada yake ya kwanza aliipata 1891 akiwa tayari kazini.

Kilichomjengea jina ni mwaka 1893. Alikuja Afrika Mashariki na msafara mkubwa wa Waingereza uliosambaratika kabla ya kufika popote pa maana. Badala ya kurudi kwao, aliondoka Mombasa na wapagazi wapatao 40, akaenda hadi Ziwa Baringo, kisha akaukwea Mlima Kenya mpaka kwenye barafu. Vitabu humsifu yeye tu. Mimi huwafikiria pia waliobebeshwa mawe aliyokuwa akiyaokota.

Swali alilokuwa nalo ni hili: Bonde la Ufa lilichimbwa na mto, au ardhi ilididimia? Mabonde mengi duniani ni kazi ya maji, kwa hiyo lazima mto uondolewe kwanza kwenye orodha ya washukiwa. Itazame sakafu yenyewe. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Ukienda kaskazini, Baringo iko kwenye mita 1,000 hivi. Ukienda kusini, Ziwa Magadi liko karibu mita 600. Sakafu imeinuka katikati na kushuka pande zote mbili, na hakuna mto unaopanda kilima. Maziwa ya Naivasha, Nakuru na Baringo hayana hata mto unaotoka. Kuta nazo hazikulika polepole kama kingo za mto: zimekatika wima, tena kwa ngazi, kipande chini ya kipande. Gregory akahitimisha kwamba ukanda mrefu wa ardhi ulishuka kati ya nyufa zinazokwenda sambamba.

Eduard Suess wa Vienna alikuwa ameshaandika kuhusu nyufa hizo mwaka 1891, akitegemea taarifa za wasafiri. Gregory alizikanyaga kwa miguu yake, na kitabu chake cha 1896 ndicho kilicholieneza jina la Bonde Kuu la Ufa.

Uprofesa ulifuata: Melbourne kuanzia 1900, kisha Glasgow tangu 1904 hadi alipostaafu 1929. Alirudi Kenya mwaka 1919. Alifariki Peru mwaka 1932, mtumbwi wake ulipopinduka katika mto Urubamba. Alikuwa na miaka 68, bado yuko safarini.

Kuhusu umbo la bonde alipatia. Kuhusu chanzo, hapana: alikataa kwamba mabara husogea, akashikilia kuwa nchi kavu ya kale ilizama chini ya Bahari ya Hindi. Enzi hizo E. J. Wayland, aliyeongoza uchunguzi wa miamba Uganda, alidai kwamba ardhi ilibanwa kutoka pande mbili, si kuvutwa. Ubishi huo ulidumu miaka mingi. Siku hizi setilaiti zinapima bamba la Somalia likijitenga na Afrika iliyobaki kwa milimita chache kila mwaka, na sehemu ya Kenya wanajiolojia wanaiita Ufa wa Gregory.