Gari limefika, lakini dashibodi bado iko Japani

Msikilizaji mmoja alitutumia ujumbe wa sauti, na nyuma yake unamsikia mkewe akicheka. Wamenunua Toyota Noah iliyotumika, imetoka Japani. Asubuhi ile walikuwa wanampeleka mgonjwa kliniki, na saa kwenye skrini ya gari ilionyesha 2:15. Mume anasema saa ni mbovu kwa sababu simu yake inaonyesha 8:15. Mke anamjibu, "Baba watoto, si ni saa mbili na robo? Sasa hiyo saa ina kosa gani?"

Wote wawili walikuwa sahihi.

Tanzania, Kenya na Uganda ziko mbele ya saa ya dunia, ile inayoitwa UTC, kwa saa 3. Japani iko mbele kwa saa 9. Tofauti yetu na Japani ni saa 6 kamili. Na sisi tunaosema Kiswahili tunahesabu saa kuanzia alfajiri, kwa hiyo saa yetu ya mdomoni nayo inatofautiana na ile ya kwenye simu kwa saa 6. Simu ikionyesha 8:15 asubuhi, Tokyo ni saa 2:15 mchana. Sisi tunaiita saa mbili na robo. Gari ambalo halijabadilishwa kitu tangu Japani linasoma saa za Kiswahili bila kufundishwa na mtu!

Gari hilo lilijuaje saa baada ya safari ndefu ya meli? Skrini zenye ramani huchukua saa kutoka kwenye satelaiti. Satelaiti hutoa saa ya dunia, na kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Japani huongeza 9 peke yake. Ndiyo maana dakika huwa sahihi kabisa. Tahadhari ni mbili. Alama za AM na PM zinaweza kukupotosha: asubuhi yetu itaandikwa PM. Na tarehe itabadilika saa kumi na mbili jioni, wakati Tokyo inaingia usiku wa manane. Wazee wa pwani wanaohesabu siku ya Kiislamu kuanzia Magharibi hawatashangaa, lakini anayeandika tarehe ya kupakia mzigo anaweza kukosea siku nzima. Kwa wasikilizaji wetu wa Burundi na Rwanda hesabu hii haikai sawa, kwa kuwa kwao Japani iko mbele kwa saa 7.

Je, uiache hivyo? Kama gari ni la nyumbani na mnaoliendesha mnaelewana, hakuna ubaya. Kama lina madereva wanaobadilishana, au linakodishwa na wageni, tunashauri uweke saa inayofanana na ya simu. Kosa la saa sita ni kubwa, na mgonjwa aliyepewa miadi hawezi kulibeba. Hata tiketi ya basi iliyoandikwa 12:00 bila neno lingine, uliza kabla hujaondoka nyumbani: ni saa kumi na mbili asubuhi au saa sita mchana?

Kuirekebisha saa

Magari mengi ya zamani hayana skrini. Yana saa ndogo ya tarakimu katikati ya dashibodi, na kwenye Toyota nyingi za aina hiyo chini yake kuna vitufe vitatu: H cha kusogeza saa, M cha kusogeza dakika, na cha tatu chenye alama ya :00. Washa swichi ya gari, si lazima uwashe injini, kisha bonyeza. Vingine vimezama ndani ya kitundu. Tumia kijiti cha meno au ncha butu ya kalamu, usitumie sindano wala msumari.

Kile cha :00 wengi hawajui kazi yake. Kinapeleka saa kwenye saa kamili iliyo karibu. Ikiwa inasoma kati ya 7:00 na 7:29, inarudi 7:00. Ikiwa kati ya 7:30 na 7:59, inaruka hadi 8:00. Kimewekwa kwa ajili ya watu kama nyinyi mnaosikiliza redio: mlio wa mwisho kabla ya taarifa ya habari ukilia, bonyeza, na saa yako inakuwa sahihi hadi sekunde. Fanya hivyo ukisikiliza kwa antena. Matangazo ya intaneti kwenye simu huchelewa, wakati mwingine kwa nusu dakika au zaidi.

Kwenye magari mengine saa imo ndani ya mita, karibu na kilomita. Hapo utakuta kijiti au kitufe kimoja kilichoandikwa ODO/TRIP. Kibonyeze mara moja moja mpaka ifike kwenye saa, kisha kishikilie mpaka tarakimu zianze kuwaka na kuzima. Sasa kila ukibonyeza, namba inapanda. Ukimaliza, kiache tu, itajifunga yenyewe.

Fanya haya yote gari likiwa limesimama. Skrini nyingi zitakukatalia kabisa kufungua mipangilio mpaka uvute handibreki, na hapo tunakubaliana na Wajapani.

Saa inayosahau kila asubuhi

Swali tunaloulizwa zaidi ni hili: "Nimeweka saa, kesho yake nakuta 1:00 au 12:00." Hiyo ni saa iliyokatiwa umeme usiku. Mara nyingi mwenye gari ndiye aliyeukata, kwa kuchomoa waya wa betri kila jioni ili betri isiishiwe chaji. Saa hula umeme kidogo sana. Ikiwa betri inakufa kwa usiku mmoja, ama imechoka, ama kuna kitu kingine kinachovuta umeme, pengine redio au king'ora kilichofungwa vibaya. Mwambie fundi umeme apime hicho.

Kama hukuchomoa kitu, angalia taa ya ndani ya gari. Kwenye Toyota nyingi, taa ya ndani na kumbukumbu ya saa hupita kwenye fyuzi moja, iliyoandikwa DOME kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi. Saa inasahau na taa ya ndani haiwaki? Anza na fyuzi hiyo. Weka nyingine yenye namba ileile. Ikiungua tena, usiongeze ukubwa wala kufunga kwa waya. Hapo kuna nyaya zinazogusana, na gari linaweza kushika moto.

Jambo jingine la kujua kabla ya kugusa betri: baadhi ya skrini za Toyota zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani hujifunga zikikosa umeme, kisha hudai namba ya siri au kadi ya kumbukumbu iliyokuja nazo. Wengi wamepoteza redio namna hii siku waliyobadilisha betri. Muulize aliyekuuzia gari kama kadi ipo, na usiichomoe ili kuwekea nyimbo.

Mwanga

Madereva wanaowasha taa kubwa mchana hulalamika kwamba saa haionekani. Haijaharibika. Gari likiona taa zimewashwa linadhani ni usiku, kwa hiyo linapunguza mwanga wa dashibodi. Tafuta kigurudumu kidogo au kijiti cha kuzungusha karibu na usukani au kwenye mita, ukizungushe hadi mwisho upande wa kuongeza. Kwenye magari mengi utasikia mlio mdogo wa "tak", na dashibodi itabaki na mwanga kamili hata taa zikiwa zimewaka. Usiku urudishe chini. Kwenye barabara za kijijini zisizo na taa, dashibodi inayong'aa inakuzuia kumwona mtembea kwa miguu.

Kwa nini hamtupati kwenye gari

Hili linatuuma sisi wenyewe. Redio za FM za Japani zilijengwa kwa masafa ya 76 hadi 90, na za miaka ya karibuni hufika 95. Huku kwetu stesheni ziko kati ya 87.5 na 108. Redio ya gari hilo inaweza kuzipata stesheni zilizo chini ya 90 tu, na sehemu kubwa ya nchi inabaki kimya.

Hakuna kitufe cha kurekebisha hilo. Kinachofungwa ni kifaa kidogo kati ya waya wa antena na redio, ambacho hushusha masafa. Mafundi wa redio wanakijua. Lakini uliza kinashusha kwa kiasi gani, maana vinatofautiana. Cha 20 huchukua stesheni ya 98.4 na kuiweka 78.4 kwenye skrini yako, lakini zile zilizo kati ya 90 na 96 huzipati, kwa sababu zinaangukia chini ya 76. Cha 15 kinaanzia 91 na kuishia 105. Mwambie fundi stesheni mnazosikiliza nyumbani, ndipo mchague. Kisha zihifadhi kwenye vitufe vya 1 hadi 6 kwa kushikilia kitufe mpaka ulie, la sivyo kila safari itakuwa hesabu ya kutoa.

Maandishi na sauti ya Kijapani

Ukiwasha gari mama wa Kijapani anakusalimu. Mara nyingi anakuambia kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara za kwao. Huhitaji kadi hiyo. Kifaa kinachosema ni kijiboksi kidogo, na fundi anaweza kukichomoa bila kudhuru gari.

Maandishi ni jambo zito zaidi. Baadhi ya skrini zina lugha ya Kiingereza ndani yake, nyingine hazina kabisa, na hizo hazifunguki kwa kubonyeza. Kabla ya kulipa mtu "kubadilisha lugha", jaribu mwenyewe. Tafuta alama hizi kwenye skrini: 設定 ni mipangilio, 言語 ni lugha, 時計 ni saa, 明るさ ni mwanga, na 戻る ni kurudi nyuma. Usipoiona 言語 popote, pengine lugha nyingine haimo. Programu ya Google Tafsiri husoma maandishi kwa kamera ya simu. Pakua Kijapani ukiwa mahali penye mtandao, na baada ya hapo itafanya kazi hata bila bando. Elekeza kamera kwenye onyo lolote usilolielewa kabla hujaendelea na safari.

Kilomita na mafuta

Mita ya TRIP A na TRIP B ni daftari lako. ODO ni jumla ya maisha ya gari na haitakiwi kuguswa. Anayekuahidi kuirudisha nyuma anakutengenezea udanganyifu. Lakini TRIP ukiishikilia inarudi sifuri. Weka TRIP A sifuri kila unapojaza tangi, kisha ukijaza tena gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Kilomita 420 kwa lita 35 ni kilomita 12 kwa lita. Namba hiyo ikishuka ghafla bila mzigo kuongezeka, gari lina shida au kituo cha mafuta kina shida.

TRIP B iache kwa ajili ya oili. Kwenye magari ya zamani hujirudisha sifuri baada ya 999.9, na nyingine hufutika ukichomoa betri, kwa hiyo andika pia ODO ya siku ya servisi kwenye simu.

Ikiwa dashibodi yako inaonyesha kilomita zilizobaki kabla mafuta kuisha, usiiamini sana. Inahesabu kwa jinsi ulivyoendesha muda mfupi uliopita. Ukitoka lami ukaingia kwenye mlima na tope ukiwa na magunia, zile 80 zilizobaki zinaweza kuwa 50.

Aliyenunua gari kutoka Uingereza aangalie kitu kimoja zaidi: mita inasoma maili. Sindano ikiwa kwenye 50 unaenda kama kilomita 80 kwa saa. Magari mengi ya huko yana mstari mdogo wa ndani wa kilomita, na yenye mita ya tarakimu huwa na sehemu ya kubadili kwenye mipangilio.

Taa ambayo haipangwi

Magari mengi madogo ya Kijapani, Vitz na Passo zikiwemo, hayana sindano ya joto la injini. Yana taa moja. Ukiwasha asubuhi inakuwa ya bluu, maana yake injini bado baridi, endesha taratibu bila resi kubwa. Baada ya dakika chache inazima, na hiyo ndiyo hali nzuri. Ikiwaka nyekundu, injini inachemka. Simama mahali salama palepale, zima, na usifungue mfuniko wa rejeta mpaka ipoe kabisa.

Kuna wanaofunika taa za onyo kwa utepe mweusi au kuzikata waya ili gari liuzike. Unaponunua, geuza ufunguo bila kuwasha injini na uangalie: taa za onyo za betri, oili na injini zinapaswa kuwaka kwanza, kisha zizime injini ikiwaka. Ambayo haikuwaka kabisa, iulizie.

Tulimpigia simu yule msikilizaji wetu kumweleza habari za Japani. Saa yake wameiacha kama ilivyo. Mkewe ndiye anayekaa mbele.