Kitabu cha Kompyuta na Maandishi ya Skrini: Kipi Kitangulie?

Mwanachuo anayejifunza kompyuta hupata maelezo kwa njia mbili: kitabu kilichopigwa chapa, na maandishi yanayosomwa kwenye skrini ya mashine yenyewe. Wengi hudhani kwamba njia ya pili ni ngeni, nayo imekuja kuiondoa ya kwanza. Sivyo. Mfumo wa Unix, uliotungwa katika maabara ya Bell huko Marekani, ulipata kitabu chake cha mwongozo mnamo Novemba 1971; na haukupita muda mrefu kurasa za mwongozo huo zikawa zasomwa pia kwenye mashine, kwa kuandika neno man na kufuatisha jina la amri inayotafutwa.

Jina la amri! Hapo ndipo penye shida. Anayetaka kunakili faili, naye hajui kwamba amri yake huitwa cp, atalianzia wapi swali lake? Hata leo, ambapo twaweza kuiuliza mashine kwa sentensi nzima, asiyejua maneno ya fani huuliza vibaya na kujibiwa vibaya. Mwanafunzi wa namna hii hujiona mjinga, kumbe kosa ni letu sisi walimu: tumempa rejea kabla ya somo.

Tazama jinsi Brian Kernighan na Dennis Ritchie walivyokipanga kitabu chao cha lugha ya C, kilichotoka mwaka 1978. Sura ya kwanza humwandikisha msomaji programu ndogo ya kuchapa salamu, kisha humwongoza hatua kwa hatua, gumu likija baada ya jepesi. Maelezo kamili ya kanuni za lugha yamewekwa mwishoni, katika kiambatisho. Somo kwanza, rejea baadaye. Nao walikuwa watafiti wa maabara, si walimu wa chuo!

Ni kweli kwamba kitabu huchakaa. C ilibadilika, ikabidi toleo la pili litoke mwaka 1988, ilhali ukurasa wa skrini waweza kusahihishwa siku hiyo hiyo. Kwa mtu aliyekwisha kuijua kazi, skrini ni bora. Lakini kitabu kikiwa wazi mezani, skrini yote hubaki kwa ajili ya kazi. Na umeme ukikatika, kusoma huendelea.

Kwa darasa la tano au la sita, jaribu zoezi hili. Wape wanafunzi swali moja, kwa mfano jinsi ya kuhifadhi kazi waliyoiandika. Kila mmoja aandike katika daftari maneno matatu ambayo angeyatafuta. Kisha wayatafute katika faharasa ya kitabu, wakizingatia mpangilio wa alfabeti. Neno lisiloonekana walifute, na karibu yake waandike lile ambalo kitabu hulitumia. Maneno yaliyosalia daftarini ndiyo watakayokwenda nayo kwenye mashine.