Mgonjwa akiwekewa mashine, ndugu waamueje?

Gari la wagonjwa likitoka Tukuyu usiku kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, hupita Kiwira, likapanda kwenye baridi ya Isyonje, ndipo literemke Uyole. Njiani ndugu wanapigiana simu: nani atasaini, nani atalipa, baba mkubwa aliyeko Dar es Salaam anasemaje. Wakifika, daktari anauliza jambo lisilowahi kuzungumzwa nyumbani: mgonjwa awekewe mashine ya kupumulia?

Mashine hiyo haitibu homa ya mapafu wala kiharusi. Inasukuma hewa mapafuni wakati dawa zinafanya kazi. Mpira wake hupita katikati ya nyuzi za sauti, kwa hiyo mgonjwa hawezi kusema hata akiwa macho, na mara nyingi hupewa dawa ya usingizi. Kazi hiyo ya kusukuma hewa iliwahi kufanywa na watu: mwaka 1952 jijini Copenhagen, Denmark, polio ilipolegeza misuli ya kupumulia ya wagonjwa, wanafunzi wa udaktari walikaa kwa zamu usiku na mchana wakiminya mifuko ya hewa kwa mikono. Wagonjwa wengi walipona, kwa sababu misuli yao ilipata nguvu tena.

Basi la kuuliza ni hili: ugonjwa wa ndugu yetu ni wa kupona? Kijana mwenye homa kali ya mapafu si sawa na bibi ambaye saratani imeshamwenea mwilini. Muulizeni daktari anatarajia nini, dalili gani itaonyesha nafuu, na lini mtakaa naye tena. Mnaweza kukubaliana kujaribu siku chache, kisha mtazame upya. Mkiamua mashine isitumike, hamjamtupa mgonjwa: dawa ya maumivu, kugeuzwa kitandani, kulowanishwa midomo na sala vinaendelea.

Ndugu wakiulizwa "mnataka nini?", nani atathubutu kusema mzee aachwe? Swali hilo linawaonea. Afadhali waulizwe: yeye mwenyewe angesema nini? Hapo binti aliyemuuguza mwaka mzima, aliyemsikia akisema hataki kufia mbali na migomba yake, ana neno zito kuliko mwenye pesa. Asikilizwe, kisha familia iteue msemaji mmoja wa kuonana na madaktari.

Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayeumwa, msingoje gari la wagonjwa. Jioni ya leo, mkiwa jikoni mnaota moto, muulizeni: "Baba, ukizidiwa usiweze kusema, nani akusemee? Na aseme nini?"