CHAI YA SITRONELI: DAWA YA NYUMBANI KWA MAMA ASIYEPATA USINGIZI

Mama mpendwa, kila siku ya kupima watoto tunasikia maulizo haya: "Mama muganga, sipati usingizi, ninywe nini?" Na tena: "Mtoto analia usiku kucha, nimpe nini alale?" Maulizo ni mawili, na jibu si moja. Soma mpaka mwisho.

1. Namna ya kuitengeneza

Sitroneli (wengine wanaita mchaichai) ni majani marefu yanayopandwa kando ya nyumba. Sugua jani kwa vidole. Kama halina harufu ya ndimu, siyo yenyewe, liache. Usichume karibu na choo, wala mahali walipopuliza dawa ya wadudu.

– Chukua majani 4 au 5, uyaoshe vizuri, uyakate vipande.
– Chemsha vikombe 2 vya maji. Maji yakitokota, tia majani, funika sufuria, epua.
– Ngojea dakika 10.
– Chuja kwa kitambaa safi, kwa maana jani lina makali.
– Kunywa kikombe kimoja mangaribi, saa moja mbele ya kulala. Sukari kidogo tu.
– Hapana kuiweka mpaka kesho. Tengeneza mpya.

Kama uko na mimba, uliza kwanza kwa muganga.

2. Inasaidia namna gani?

Tuseme kweli. Katika mwaka 1986 wachunguzi wa Brazili walitoa habari ya chai hii: waliinywesha watu wazima, na hawakuona kama inaleta usingizi. Basi juu ya nini tunaifundisha? Sababu inakamata nafasi ya kahawa na ya majani ya chai, ambayo yana kitu cha kuamsha ubongo. Mama anayekunywa chai nyeusi usiku anajifukuzia usingizi mwenyewe. Tena, kwa kunywa polepole, unakaa chini, unapumzika. Ni dawa ndogo, lakini haina deni wala haikufungi kama kinini za usingizi.

3. Mtoto mchanga: hapana kumpa

Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 anahitaji maziwa ya mama tu. Hata chai hii inajaza tumbo lake bure, na maji mabaya yanaleta kuhara.

Usiku mmoja mama alituletea mtoto wa miezi mitatu, amelegea kama kitambaa, anapumua polepole sana. Jirani alimpa nusu ya kinini ya valiamu "ili mama apumzike". Tulimsaidia kupumua mpaka asubuhi, akaishi, Mungu asifiwe. Tulipopima damu, tulikuta malaria. Mtoto yule hakukosa usingizi. Alikuwa anaita msaada, nao wakamfunga kinywa.

Kwa hiyo kinini za usingizi, kasiksi, lotoko, hata tone moja kwa kidole, ni hatari kwa mtoto. Zinaweza kuzima pumzi yake.

Akilia usiku, tazama kwanza: ana njaa? Amelowa? Ana homa? Amebanwa pua? Mnyonyeshe, mbebe, kisha umlaze chali ndani ya chandarua chenye dawa.

4. Usingizi uliopotea unaweza kuwa dalili

– Mtoto mkubwa anajikuna matakoni usiku: pengine ana minyoo midogo myeupe.
– Mtu analala muchana, usiku anakesha, kichwa kinauma, tabia inageuka: pengine ni malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Katika inchi yetu umepungua sana, lakini haujaisha. Apimwe damu.
– Mama aliyezaa anakesha hata mtoto akilala, analia, hana hamu ya kumbeba mtoto: huo si uvivu wala ulozi. Ni ugonjwa, na unatibika. Akiwaza kujiumiza au kumuumiza mtoto, asibaki peke yake. Mlete siku ile ile.

KUMBUKA

Chai ni ya mtu mzima. Mtoto mchanga, titi tu. Homa, hapana kungoja asubuhi. Na kama usingizi umekukimbia kwa majuma mawili, weka kikombe chini, njoo tuongee. Mungu alitupa usiku tupumzike, na mama naye ni mtu wa kupumzika.