Vijana wa Afrika kando ya mto Seine

Mwezi huu tuongee juu ya filamu moja ya zamani, ya dakika 21 hivi, wala haina mapigano. Inaitwa Afrique-sur-Seine. Seine ni ule mto unaopita katikati ya Paris, Ufaransa. Filamu ilitengenezwa mwaka 1955 na vijana Waafrika waliokuwa wanasoma huko. Anayejulikana zaidi kati yao ni Paulin Soumanou Vieyra, mzaliwa wa Porto-Novo, katika nchi ambayo leo ni Benin. Alipelekwa Ufaransa akiwa bado mtoto.

Sasa kwa nini wapige filamu Paris na siyo kwao? Kibali! Tangu mwaka 1934 kulikuwa na amri iliyoitwa kwa jina la waziri Laval: hakuna kupiga sinema katika makoloni ya Ufaransa huko Afrika mpaka wakubwa wa koloni wakuruhusu. Vijana hao wakanyimwa. Sisi ambao hata kutoka nje ya kambi ni kwa kibali, hilo hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Basi wakageuza kamera kwenye maisha yao wenyewe, pale pale walipo.

Mwanzoni unaona watoto wa Afrika wanacheza mtoni. Halafu ghafla ni Paris: barabara, mikahawa, wanafunzi weusi wanatembea, wengine na rafiki zao wazungu. Sauti moja inasimulia, na inauliza Afrika iko wapi hasa, kule walikotoka au hapa walipo wao? Vijana hao walikuwa na shule nzuri na nguo safi, na bado upweke unauona. Wale wanaodhani kwamba ukifika Ulaya mawazo yameisha, waitazame.

Mimi swali hilo nakutana nalo darasani. Nikitoa insha ya "Kwetu", watoto waliozaliwa hapa wanaandika juu ya bomba la maji na foleni ya mgao. Wazazi wengine wanakasirika, eti watoto wamesahau kwao. Wamesahau nini, na hawajapaona? Kama nyumbani hawasimuliwi, wataandika wanachokiona. Na tena wanaandika vizuri.

Senegal ilipopata uhuru mwaka 1960, Vieyra alifanya kazi huko, akapiga filamu nyingine juu ya taifa hilo jipya. Hii ya Paris ni ya Kifaransa. Mkibahatika kuipata, wazee mliosoma Kifaransa kaeni na watoto, muwatafsirie.