Mtoto Asiyekula Nyama na Sinia la Jamaa



Wazazi wengi wa Bofu na Likoni nzima wana watoto wanaosoma mbali na macho yao. Wako wanaovuka feri alfajiri kwenda Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kule Tudor, wako waliopanga vyumba Kilifi karibu na Chuo Kikuu cha Pwani, na wako waliofika Nairobi. Mtoto hurudi likizoni na mambo mapya, na moja kati ya hayo limeanza kuzitia nyumba zetu mashakani: kijana anatengewa pilau ya nyama, naye anasema kwa upole kwamba siku hizi hali nyama. Akiulizwa zaidi, hueleza kuwa hali samaki wala mayai, wala hanywi maziwa, kwa kuwahurumia wanyama. Mama huona mkono wake umekataliwa. Baba huona ni uzungu. Nyanya huuliza kama mtoto hajapatwa na jambo. Na sinia ambalo jamaa wote walilizunguka huwa na nafasi moja tupu.

Nia yetu katika makala haya ni kwamba nafasi ile isibaki tupu.

Kuacha si kuharamisha

Mwendo huu wa kula mimea mitupu ulipata jina na chama chake Uingereza mwaka 1944, lakini watu wa kuacha nyama walikuwako karne nyingi kabla ya hapo. Kwetu sisi Waislamu swali la kwanza si umetoka wapi, bali dini inasemaje.

Mpaka uko wazi. Katika Suratul Maida tumekatazwa kuviharamisha vitu vizuri alivyotuhalalishia Mola wetu, na katika Suratun Nahl maziwa na asali vimetajwa miongoni mwa neema zake kwa waja. Basi kijana akisema kwamba kula nyama ni dhambi, au kwamba mamake ni mkatili kwa kupika kuku, amevuka mpaka, na ni wajibu wetu kumrudisha kwa hekima.

Lakini mtu kuacha kitu kwa nafsi yake ni jambo jingine. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliandaliwa nyama ya mjusi wa jangwani, akauzuia mkono wake. Khalid bin Walid (R.A.) akamuuliza kama ni haramu. Mtume akamjibu kuwa si haramu, ila nyama hiyo haikuwa ya nchi ya watu wake na nafsi yake haikuipenda. Khalid akaivuta karibu, akala, na Mtume akimtazama. Chakula kilikuwa kimoja: mmoja ameacha, mwingine amekula, na hakuna aliyemlaumu mwenziwe. Imepokewa vilevile kwamba Mtume hakuwahi kukitia chakula ila. Akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Adabu hiyo inamtosha kijana asiyekula nyama, na inamtosha mzazi anayeila.

Huruma wanayoidai si ngeni

Wanafunzi hawa hawaachi nyama tu. Wengi wao huwatetea wanyama, huandika mabango na kukusanya saini. Tukiwasikiliza kwa utulivu, tutatambua kwamba mengi wanayoyasema yamo katika vitabu vyetu. Sote tumefunzwa tangu madrasa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila chakula, na ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Imamu Izzuddin bin Abdis-Salaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi aliyefariki mwaka 1262, aliziorodhesha haki za mnyama juu ya mwenyewe: amlishe hata akizeeka au akiugua na asiwe na faida tena, asimtwike asichokiweza, amchinje vizuri, wala asiyachinje makinda yake mbele ya macho yake.

Tujiulize basi. Punda anayevuta mkokoteni wa mitungi ya maji juani, ana kivuli na maji yeye mwenyewe? Kidonda cha mgongoni kinatibiwa, au kinapigwa fimbo? Kuku tunaowanunua, mbona hufungwa miguu na kuning'inizwa vichwa chini kutoka sokoni mpaka nyumbani? Hata sheria ya nchi, Sura ya 360, imeyafanya makosa kumpiga mnyama kikatili, kumtwika kupita kiasi na kumsafirisha kwa namna ya kumtesa.

Na kutetea huku huzaa matunda. Huko Lamu, ambako punda ndiye mchukuzi wa vichochoroni, kumekuwa na kituo cha kuwatibu punda bila malipo tangu mwaka 1987. Mwaka 2016 yalipoanza kufunguliwa nchini machinjio ya punda, ngozi zao zikipelekwa China kutengenezewa dawa iitwayo ejiao, wizi wa punda ulienea, na familia nyingi zikaamka asubuhi na kukuta njia yao ya riziki imetoweka. Ripoti ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, iliyotolewa mwaka 2019 ilionyesha kwamba kati ya 2016 na 2018 walichinjwa punda zaidi ya 300,000. Wenye punda na watetezi wa wanyama walipaza sauti, na Februari 2020 serikali ikapiga marufuku. Mwaka uliofuata mahakama iliitengua amri hiyo, lakini hawakukata tamaa. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, mkutanoni Addis Ababa, walikubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda barani kote. Sisi ambao Mtume wetu alitukataza nyama ya punda wa kufugwa siku ya Khaybar, hatuna sababu ya kuiona kazi hiyo kuwa ya watu wengine.

Jiko letu limekwisha mtangulia

Akina mama huuliza: mtoto huyu nitampikia nini? Jibu limo jikoni mwao tangu zamani. Mbaazi za nazi na mahamri ya tui na iliki, maharagwe ya nazi, pojo, muhogo wa nazi, mchicha, kisamvu, viazi vya karai na chatini ya ukwaju: vyote hivi ni mimea mitupu, na hakuna aliyewahi kuviita vigeni. Mbuzi wa pekee anayehitajika hapo ni wa kukunia nazi.

Kwa mwanafunzi mwenye jiko moja na sufuria moja, mbaazi ni mwalimu mzuri. Aziroweke usiku kucha, amwage maji yale, azichemshe kwa maji mapya mpaka ziwive. Atie kitunguu, pilipili boga, manjano, chumvi na tui jepesi, ziendelee kutokota. Mwisho atie tui zito, moto ukiwa mdogo, akoroge bila kufunika ili tui lisikatike. Kama hana friji, achemshe za kutosha siku moja na tui alitie wakati wa kula tu, maana chakula chenye nazi huchacha upesi katika joto letu.

Hata hivyo, huruma kwa mnyama isimfanye mtu audhulumu mwili wake, nao ni amana. Kunde na mbaazi zikiliwa pamoja na wali, sima au chapati hujenga mwili vyema. Madini ya chuma, ambayo wasichana huyahitaji zaidi kwa sababu ya hedhi, yamo katika nafaka za maganda na mboga za majani; kamulio la ndimu au kipande cha embe husaidia mwili kuyapokea, na chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Kwa hiyo chai ingoje kidogo. Vitamini B12 haipatikani katika mimea kwa kiasi cha kutegemewa. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa hana budi kutumia vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, na mwanamke mja mzito au anayenyonyesha asiuchague mlo huu bila ushauri wa daktari.

Siku ya Idi

Mtihani mkubwa huja Idi ya kuchinja. Katika madhehebu ya Shafi, udhuhiya ni sunna iliyotiliwa mkazo, na mmoja wa watu wa nyumba akichinja, imewatosha wote. Kwa hivyo kijana asiyekula hajaivunja Idi ya mtu. Apewe kazi inayolingana na huruma yake: ahakikishe mbuzi amepata maji na kivuli, haburutwi kwa kamba, kisu kimenolewa mbali na macho yake, wala hachinjwi mbele ya mwenziwe. Hayo ni mafundisho ya Mtume (S.A.W.), na atakayeyasimamia amewatumikia mnyama na mchinjaji pia. Kisha achukue mafungu ya nyama awapelekee majirani masikini, ambao pengine hawatapata nyingine mpaka mwakani.

Na mama anapopakua, wali wa nazi na uwe katikati ya sinia, mchuzi wa nyama ukae katika bakuli lake, na mbaazi katika bakuli lao. Kila mkono uchote unachokipenda, wala asiwepo wa kumkejeli mwenziwe. Mtoto anayepata nafasi yake katika sinia la nyumbani huja na maswali yake nyumbani. Anayefukuzwa kwa kejeli huyapeleka kwa watu tusiowajua.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu huruma, kwa watoto wetu na kwa viumbe vyake vyote visivyo na ulimi wa kushtakia. Amin.