Robine ya zamani inaweza kuwa kipimo cha mbolea

Safari hii tunaongea juu ya kitu kidogo kinachoenea katika kiganja: kipimo cha mbolea kinachotengenezwa na shaba ya robine iliyokufa. Mufundi wa chuma anakitengeneza kwa muda mfupi, na kinaweza kuokoa kilo nyingi za mbolea.

Tufanye hesabu kwanza. Tuchukue shamba la mita 50 kwa 50. Mukipanda mahindi kwa sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 50 kati ya mashimo, shamba hilo linakuwa na mashimo karibu 6,700. Mukiweka gramu 5 za NPK katika kila shimo, munatumia kilo 33 hivi. Lakini mukono ukizidisha gramu 1 tu kila shimo, kilo karibu 7 zinapotea juu ya hizo. Na ukipunguza, mustari mumoja unakuwa kijani na wa pembeni unabaki manjano. Wakati wa kupanda tunakuwa watu watano, sita: vidole vya mama, vya baba na vya mutoto havibebi sawasawa. Ndiyo maana kipimo kinahitajika.

Wawindaji walijua zamani

Wazee wetu walijua jambo hili kwa njia ya gobori, bunduki inayojazwa kwa mudomo. Katika karne ya 19, misafara kutoka pwani ilifika Ujiji, ikavuka Tanganyika mpaka upande wetu. Ilibeba gobori, baruti, vitambaa, na pia masango, yaani nyaya nene za shaba zilizotumika kama pesa.

Mwenye gobori hakumimina baruti kwa macho. Ikiwa kidogo, risasi haifiki. Ikizidi, mutitu unaweza kupasuka mbele ya uso wake. Basi alikuwa na kipimo: kikombe kidogo, anajaza, anasawazisha juu, anamimina. Vipimo vingi vya namna hiyo vilitengenezwa na shaba ya njano, ile inayochanganya shaba nyekundu na zinki, kwa sababu haipati kutu na haitoi cheche ikigonga chuma. Kwa baruti, cheche moja inatosha kuua.

Sisi hatufundishi vitu vya bunduki. Bunduki na uwindaji vina sheria zake katika inchi yetu. Tunachochukua ni ile akili ya kipimo: kiasi kilekile, kila mara, hata kama mukono unachoka.

Namna ya kutengeneza

1. Tafuta bomba fupi la nusu inchi linaloshika robine, lenye urefu wa sentimita 5 hivi. Likwaruze kwa tupa. Ikitokea rangi ya njano, ni shaba tunayotafuta. Ikitokea nyeupe, acha: robine nyingi za bei ndogo zinangaa inje tu. Sumaku pia haishiki shaba.

2. Kata kwa musumeno wa chuma, kisha lainisha midomo kwa tupa ili isikate vidole. Usiyeyushe shaba kwa moto. Zinki inatoka kama moshi mweupe, na anayeivuta anashikwa na homa na baridi usiku uleule.

3. Chonga kizibo cha muti mugumu, ukiingize kwa nguvu kutoka chini mpaka juu kubaki shimo la milimita 28. Kama bomba lina upana wa milimita 15 ndani, shimo hilo linabeba mililita 5.

4. Jaza NPK, sawazisha kwa kijiti, mwaga katika mufuko. Fanya hivyo mara 100, halafu pima yote kwa balansi ya soko. Inapaswa kuwa gramu 500. Ikiwa 600, sukuma kizibo juu kidogo. Ikiwa 400, kirudishe chini. Kupima kipimo kimoja peke yake haifai, balansi ya soko haioni gramu 5.

5. Hesabu ikishakuwa sawa, toboa tundu upande, piga musumari mudogo upite katika kizibo. Sasa hakitasogea tena.

Kipimo hichohicho kikijazwa urea kinabeba gramu 3.7 hivi, kwa sababu urea ni nyepesi. Kwa shamba letu la mita 50 kwa 50 inakuwa kilo 25, nusu ya mufuko. Lakini mbolea hazifanani. Kila aina mupya munayonunua, rudieni kupima mara 100. Wakati wa kupanda, funikeni NPK kwa udongo kidogo kabla ya kuweka mbegu, isiunguze. Urea inawekwa mahindi yakifika magotini, udongo ukiwa na maji, sentimita 10 kutoka kwa shina, na inafunikwa mara moja. Ikiachwa juu ya udongo, sehemu yake inakwenda na hewa.

Kama huna shaba, kizibo cha soda kinaweza kusaidia, mradi ukipime kwa balansi namna ileile na ukisawazishe kila mara. Ubaya wake ni kwamba kinapata kutu haraka, na hakiwezi kurekebishwa.

Shaba nayo ina adui

Shaba ya njano haipendi amonia, ile harufu kali inayotoka katika urea yenye kulowana na katika mikojo ya wanyama. Waingereza walijifunza hilo kule India: maganda ya risasi waliyoyaweka karibu na mazizi ya farasi yalipasuka yenyewe wakati wa mvua. Mwaka 1921 ndipo wataalamu walieleza wazi kwamba kilichoyapasua ni amonia. Kwa hiyo usilaze kipimo ndani ya mufuko wa urea wala katika kibanda cha mbuzi. Ukimaliza kazi, kioshe kwa maji safi, kikaushe, kitundike ndani ya nyumba. Tena kisirudi jikoni kupimia chumvi: shaba ya robine mara nyingi ina risasi ndani yake, na mbolea nayo si chakula.

Shaba gani tusiguse

Hapa tunaomba musikilize vizuri. Maganda ya risasi na vitu vya vita munavyokuta shambani au porini si mali ya kutengenezea, hata kama ni vya shaba nzuri. Kitu kinachoonekana kitupu kinaweza kuwa hai. Usiguse, usipige, usiweke katika moto. Rudi kwa njia uliyopita, weka alama mbali na hapo, fukuza watoto, na mujulishe chefu wa kijiji ili waite huduma ya kuondoa mabomu.

Robine inayofanya kazi pia haiguswi. Tunaishi katika eneo la kipindupindu, na wenyeji na ndugu zetu wakimbizi wa Burundi tunachota maji mamoja. Robine moja ikiibiwa kwenye bomba la watu wote, wamama wanarudi kuchota ziwani, na ugonjwa unarudi nao. Kooperative inayonunua shaba bila kuuliza imetoka wapi inalipa muizi. Muombe kamati ya maji iwape zilizokufa, na muandike katika daftari: ngapi, kutoka wapi, tarehe gani.

Msimu A unaanza mwezi wa tisa. Kabla ya hapo, kila kundi litengeneze kipimo kimoja, likipime mbele ya wanamemba wote, kisha litengeneze vingine vinavyofanana nacho, kimoja kwa kila mutu anayeweka mbolea. Mukileta balansi kwenye mukutano, sisi wa-agronome tutakuja kupima pamoja nanyi.